Sahihi Kabla ya Jina: Kuusoma Umbo la M-Pesa Ukiwa Ganze

Ujumbe wa M-Pesa huanza na msimbo: herufi na tarakimu kumi zilizoshikana, zote kubwa, zisizotamkika. Baada yake huja neno moja la kuthibitisha, na nukta. Kisha kiasi. Kisha jina la aliyetumiwa, kwa herufi kubwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kisha tarehe, saa, baki, gharama ya kutuma, na kiasi ambacho mtumaji bado anaweza kutuma siku hiyo. Uupokee sokoni Bamba baada ya kununua mbuzi, au dukani Vitengeni, au nyumbani Jaribuni, mpangilio ni uleule. Hata mtu ambaye hajazoea kusoma gazeti anajua jicho litue wapi: kiasi kiko mwanzoni, baki iko kuelekea mwisho, na vilivyo kati vitasomwa siku ya ugomvi.

Nataka kuusoma ujumbe huu, pamoja na menyu inayouzaa, kama tunavyosoma mkataba au shairi: nini kimetangulia, nini kimesukumwa nyuma, nani anapewa nafasi ya kunena, na kimya chake kinahesabiwa kuwa nini. Sababu yangu ni hii. Mwezi wa Juni 2021 Safaricom ilitoa programu mpya ya M-Pesa kwa simu janja, za Android na za iPhone. Tangu hapo huduma moja ina maumbo mawili yanayotofautiana sana, na watu wawili wa boma moja wanaweza kutuma pesa ileile kwa mtu yuleyule kwa njia zisizofanana. Kwenye programu, unaliona jina la unayemtumia kabla ya kuandika namba ya siri. Kwenye menyu ya laini, ile ya kabambe, yaani simu ya vitufe, unaliona baada. Watu wamesema mengi kuhusu rangi za programu ile, kasi yake na mikopo yake. Mimi naona jambo zito kuliko yote ni hili la mpangilio, na halijapewa uzito unaolistahili, hasa katika eneobunge kama Ganze, pwani ya Kenya, ambako kabambe bado ndiyo benki ya watu wengi.

Nianze na msimbo, kwa kuwa ndicho kipande ambacho hakibagui simu. Wengi huuona kama takataka ya mashine. Siyo. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ya tatu ni siku. Misimbo ya 2019 ilianza na N, ya 2020 na O, ya 2024 na S, ya 2025 na T. Mwezi huenda kwa alfabeti, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Siku huanza na tarakimu 1 hadi 9, kisha A ikashika tarehe 10, B tarehe 11, na kuendelea hadi V, tarehe 31. Msimbo unaoanza na NLJ, kwa hiyo, ni wa tarehe 19 Desemba 2019, hata kama mengine yote ya ujumbe yamefutika. Maana yake ni kwamba ujumbe huu hutaja tarehe mara mbili: mara ya kwanza kwa siri, mara ya pili kwa uwazi. Tapeli anayenakili ujumbe wa zamani na kubadilisha kiasi na siku, halafu akamwonesha mwenye duka kwamba ameshalipa, mara nyingi husahau kwamba tarehe ya kwanza imebaki palepale. Mwenye duka anayejua kusoma herufi tatu hana haja ya kubishana naye.

Huu ni ufundi wa maandishi, na naustahi. Kitu kidogo kinachobeba mengi ndicho alama ya umbo lililobanwa vizuri. Ujumbe mfupi wa simu, kwa asili, hubeba herufi 160. Mtunzi wa utenzi ana mizani nane kwa kila kipande. Mwandishi wa risiti ya M-Pesa alipewa mia moja na sitini kwa jambo zima, na humo ikabidi aingize shahidi, kiasi, majina, wakati na hesabu. Ndiyo maana hakuna salamu. Ndiyo maana sentensi hazina viunganishi. Hata ukichagua Kiswahili kwenye menyu, saa hubaki ya AM na PM, kwa hiyo msomaji wa Ganze anayesema saa moja jioni anasoma 7:00 PM na kugeuza kichwani mwenyewe. Hilo ni kovu dogo katika umbo ambalo kwa mengine limekamilika.

Tuje kwenye menyu inayotangulia ujumbe. M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007. Kabla ya hapo, mwaka 2005, ilijaribiwa Thika pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, na nia ya awali ilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Waliojaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na waundaji wakafuata walikoelekea watumiaji. Ukiitazama menyu ya laini unaona historia hiyo imeandikwa kwa mpangilio wa namba: Tuma Pesa ni ya kwanza, Toa Pesa ya pili, kununua muda wa maongezi ya tatu. Mikopo, iliyokuwa chimbuko la wazo, ilirudi baadaye. M-Shwari ilipofika Novemba 2012, mikopo na akiba vikapata nafasi chini ya hizo tatu, na Lipa na M-Pesa ikafuata. Akaunti Yangu ikazidi kusukumwa chini.

Kwa mtu anayesoma kila neno, kusukumwa huko si kitu. Kwa mtu aliyejifunza menyu kwa kuhesabu, ni jambo kubwa. Na wengi walijifunza hivyo. Bibi anayetuma pesa ya karo hapitii maneno. Vidole vyake vimekariri: moja, moja, namba ya simu, kiasi, namba ya siri. Ni elimu ya sikio iliyohamia kidoleni. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kutozigusa zile nafasi tatu za juu miaka yote hii ni uamuzi wa huruma, awe aliyeufanya alikusudia au hakukusudia. Kila kipya kiliingizwa chini yake. Sijui kama kuna mradi mwingine wa teknolojia nchini uliobadilika kiasi hiki huku ukimwachia mzee njia yake.

Sasa tazama mfuatano wenyewe, hatua kwa hatua. Menyu ya laini huuliza swali moja, inasubiri jibu, inalimeza, inauliza lingine. Huoni jibu lako la kwanza unapoandika la tatu. Ukishaandika namba ya simu na kiasi, unatakiwa uandike namba ya siri. Baada ya namba ya siri ndipo kioo kinapokurudishia muhtasari, kwamba unatuma kiasi fulani kwa namba fulani, ubonyeze sawa. Katika mkataba wa karatasi tungesema mtu ametia sahihi kwanza, halafu akapewa waraka ausome. Na muhtasari ule ulikuwa na namba tu. Kama umekosea tarakimu moja, macho yako yanasoma kosa lako mwenyewe na kuliona sawa, kwa kuwa namba isiyo na jina haina sura.

Kwa nini iwe hivyo? Hapa mhakiki hana budi kushuka chini kidogo aone jinsi kitu kilivyotengenezwa. Menyu hii imo ndani ya laini yenyewe. Miaka ile ya mwanzo wengine walilazimika kubadilisha laini, kwa sababu za zamani hazikuwa na nafasi ya kuibeba. Simu hutoa kioo na vitufe; maswali hutoka kwenye laini, na majibu hukusanywa humohumo. Mpaka hatua ya mwisho, mtandao haujui kwamba unajaribu kutuma chochote. Ukibonyeza sawa ndipo majibu yote yanapofungwa kwa siri katika ujumbe mmoja na kurushwa. Kwa hiyo laini haiwezi kukuonesha jina la mpokeaji, maana hailijui. Jina limehifadhiwa kwenye seva, na seva bado haijaulizwa. Mpangilio huu haukutokana na dharau kwa mtu wa kabambe. Ulitokana na nguvu na udhaifu wa kadi ndogo ya mwaka 2007.

Na tuseme ukweli kuhusu nguvu yake pia. Umbo hili linavumilia mtandao mbovu. Mtu yuko bondeni upande wa Sokoke au ndani kabisa kuelekea Bamba, alama za mtandao zinaonekana na kutoweka, naye anaweza kujibu maswali yote taratibu, kisha akabonyeza sawa pindi mawimbi yanaporudi, ujumbe wake mmoja ukatoka. Halidai bando. Halidai betri ya kutwa nzima. Lilitengenezwa kwa mtu ambaye mtandao wake unakatika, na katika eneobunge ambalo kwa miaka limetajwa miongoni mwa maeneo maskini zaidi ya Kenya, hilo si jambo la kupuuza.

Katikati ya miaka ya 2010 Safaricom ilijaribu kuliziba lile pengo la jina. Ikaleta hatua iliyoitwa Hakikisha. Mtumaji akishaweka namba ya siri na ombi lake kufika kwenye seva, hurudishiwa dirisha dogo lenye jina la mpokeaji. Hupewa sekunde chache. Akiona jina silo, anabonyeza herufi au namba yoyote kusimamisha. Asipobonyeza, pesa inaendelea na safari.

Ni nyongeza nzuri na imeokoa pesa za watu. Lakini isome kama umbo. Kimya kimefanywa ridhaa. Mtu asiyefanya lolote amekubali. Nani hukaa kimya katika sekunde hizo? Yule aliyeondoa simu machoni akidhani kazi imekwisha. Yule ambaye jua la mchana limekimeza kioo chake. Yule anayesoma silabi kwa silabi, ambaye akifika jina la pili muda umekwisha. Yule aliyemwomba mtoto wa jirani amsomee, na mtoto bado anageuza simu. Wanaofaidika zaidi na dirisha lile ni wasomaji wepesi, ambao pengine wangegundua kosa kwa njia nyingine. Mzigo wa kuzuia umeangukia kwa wale wenye nguvu ndogo ya kuzuia, ndani ya muda usioongezeka.

Kwenye programu ya simu janja mambo yamegeuzwa. Unachagua mtu kwenye orodha ya simu yako au unaandika namba, unaweka kiasi, na seva, kwa kuwa programu inazungumza nayo moja kwa moja, inalileta jina kabla hujaandika namba ya siri. Unalitazama kadiri upendavyo. Ukienda kunywa chai, pesa inabaki kwako. Kimya hapa ni kukataa. Ni huduma ileile, kampuni ileile, gharama ileile. Shilingi 500 hutumwa kwa shilingi 7 kwenye simu zote mbili. Ila kwenye simu moja usipofanya kitu pesa haiendi, na kwenye nyingine usipofanya kitu pesa imekwenda. Ningeombwa nioneshe kwa mfano mmoja jinsi uboreshaji mkubwa wa programu unavyowagawa watumiaji kwa aina ya mashine zao, ningeuonesha huu na nisitafute mwingine.

Halafu liko suala la jina lenyewe, na hapa Ganze ina la kusema ambalo Nairobi haioni haraka. Kwa Wagiriama majina ya mababu hurudi kwa wajukuu. Katana humzaa Karisa, Karisa humzaa Katana, na katika kijiji kimoja unaweza kuwapata Karisa Katana na Katana Karisa kwa idadi. Kadzo, Dama, Sidi, Kazungu, Charo, Kahindi: majina mazuri, yanayozunguka. Dirisha likikuambia KATANA KARISA katika sekunde chache, umehakikishiwa nini? Pengine umethibitishiwa kosa lako. Aidha laini nyingi za wazee zilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au cha mume, hivyo jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, ingawa namba ni sahihi. Na majina ya nyumbani, yale watu wanayoitana kila siku, hayamo. Mtu mashuhuri zaidi ambaye upande wa Bamba umemtoa ni Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913. Jina alilozaliwa nalo ni Mnyazi. Mekatilili ni jina la mama wa Katilili. Kioo kile kingemwandika MNYAZI MENZA, na wengi wa waliomfuata wangesita.

Kwa sababu hiyo mtumaji wa Ganze anahitaji muda zaidi kulitafakari jina, wala si muda uleule. Anahitaji kuuliza: huyu Katana ni yule wa kwa mjomba au yule wa barabarani? Huenda anahitaji kupiga simu kwanza. Umbo linalompa sekunde chache limetungwa kwa mahali ambapo jina moja ni la mtu mmoja. Programu, kwa kukuwekea majina uliyohifadhi mwenyewe kwenye simu, na wale unaowatumia mara kwa mara, inamrudishia mtu majina yake ya nyumbani: ukihifadhi namba kwa jina la Mama Sidi, ndilo unaloligusa. Hiyo ni fadhila ya kweli ya umbo jipya, na imewafikia wenye simu janja pekee.

Tofauti nyingine iko kwenye baki. Katika ujumbe wa kabambe, baki ni tamati. Msimulizi anakueleza kilichotokea, kisha ndipo anakuambia ulichobakiwa nacho. Kwenye programu, baki ni ufunguzi. Iko juu kabisa, unaweza kuificha au kuifunua, na mengine yote yamepangwa chini yake kwa picha na rangi. Masimulizi ya kwanza ni ya tukio, ya pili ni ya hali. Mwenye kabambe hupitia menyu hadi Akaunti Yangu na kuandika namba ya siri ili tu kujua ana kiasi gani, na jibu huja kama ujumbe unaobaki kwenye simu, wazi kwa yeyote atakayeishika. Kwa mama anayeficha akiba ya mbegu asiombwe na kila mpita njia, hili lina uzito. Programu ina alama ya kidole na kitufe cha kuficha baki. Kabambe ina kikasha cha ujumbe kisicho na mlango.

Isidhaniwe kuwa kila aliye na simu ya bei amepata ahueni ya kila aina. Kwenye simu nyingi za Android, menyu ya laini ina alama yake miongoni mwa nyingine, na mtu akiishiwa bando anaigusa na kuendelea. Kwenye iPhone imefichwa ndani ya mipangilio, chini ya sehemu ya data ya simu, mahali ambapo mgeni hawezi kufika bila kuelekezwa. Mtu aliyerudi nyumbani Ganze kutoka Mombasa na simu ya gharama kubwa, bando likamwishia na programu isifunguke, anaweza kujikuta akitafuta kwa dakika nyingi kitu ambacho shangazi yake anakifikia kwa vitufe viwili. Wenye Android za zamani nao hufika siku ambapo toleo jipya la programu halikubali tena simu yao, na hapo hurudi kwenye menyu ya laini, wakiwa na mazoea ya programu: wamezoea kuona jina kwanza, sasa wanaandika namba ya siri bila kuliona. Hawa ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu tabia yao na umbo walilorudia havipatani.

Maboresho yaliyo makubwa kuliko yote, kwa upande wa mitambo, hayakuacha alama yoyote kwenye kioo. Aprili 2015 mfumo mzima ulihamishwa kutoka seva zilizokuwa Ujerumani ukaletwa Kenya. Septemba 2025 ukahamishiwa jukwaa jipya lililoitwa Fintech 2.0, huduma ilisimama kwa muda usiku wa kuamkia tarehe 22, na kampuni ikasema uwezo wake sasa ni miamala 6,000 kwa sekunde. Asubuhi ile misimbo ilianza na TIM, kama kalenda yake ilivyotaka, na menyu ya kabambe ilikuwa vilevile. Ni sifa kubwa kwa mafundi kwamba bibi hakutambua. Lakini pia inaonesha kwamba inawezekana kuubadilisha moyo wa mashine bila kumgusa bibi, na vilevile inawezekana kumwacha na umbo la 2007 juu ya moyo wa 2025.

Sehemu ya ujumbe ambayo sikuitaja mwanzoni ni mkia wake. Risiti imeshasema yote, ndipo linapofuata tangazo. Kwa muda mrefu liliwahimiza watu watenganishe pesa za biashara na za nyumbani kwa Pochi la Biashara kupitia *334#. Wakati mwingine lilikuwa kiungo cha intaneti cha kupakua programu ya M-Pesa, pamoja na ahadi ya data ya bure. Risiti ile ya herufi mia na sitini iliyobanwa kwa ustadi sasa imefurika na kuwa jumbe mbili zilizounganishwa, ili kubeba tangazo. Na kiungo kile kilitumwa kwa kila mtu. Kilifika kwenye kabambe isiyoweza kukifungua, kikakaa mwishoni mwa ushahidi wa pesa ya mbuzi aliyeuzwa, mistari ya maandishi yasiyo na kazi yoyote kwa aliyeyapokea. Mwandishi wa ujumbe hakumjua msomaji wake, au alimjua na hakujali kumtenga. Tangazo la *334# lina heshima zaidi: linaita njia ambayo simu yoyote inaweza kuifuata.

Njia hiyo ndiyo ninayoitilia mkazo. Ukipiga *334#, menyu haitoki kwenye laini. Ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu na seva, swali na jibu, hatua kwa hatua, kwenye kabambe yoyote, bila bando. Kwa kuwa seva ipo kwenye mazungumzo tangu swali la kwanza, kiufundi hakuna kinachoizuia kulitaja jina kabla ya kuomba namba ya siri, na kukichukulia kimya kuwa kukataa. Udhaifu wake ni mtandao: mawimbi yakikatika, mazungumzo yanakatika nayo, na mtu anaanza upya. Bondeni Sokoke hilo linachosha. Hata hivyo kuanza upya ukiwa na pesa yako ni afadhali kuliko kumaliza haraka ukiwa huna.

Ningependa mambo yafuatayo yadaiwe na watu wa Ganze na wawakilishi wao, kwa sauti, kama wanavyodai barabara na maji. Kila njia ya kutuma pesa inayoweza kulitaja jina kabla ya sahihi, ilitaje kabla. Pale ambapo laini ya zamani haiwezi, dirisha la Hakikisha ligeuzwe maana yake: asiyebonyeza awe hajakubali, na pesa irudi kwenye akaunti yake ingoje. Najua litakalosemwa, kwamba miamala mingi halali ingekwama kwa watu waliosahau kubonyeza. Itakwama, na watajifunza kitufe kimoja zaidi, kama walivyojifunza vile vitano. Vidole vilivyokariri moja, moja, namba, kiasi na siri havishindwi na kitu cha sita. Na kwenye laini ambayo mtumiaji amechagua Kiswahili, saa iandikwe ya Kiswahili.

Kuna jambo moja umbo la kale linalifanya vizuri ambalo lisiguswe. Mtu akigundua amekosea, huutuma ujumbe uleule wa M-Pesa, mzima, kwenda namba 456, kuomba pesa irudishwe. Haandiki barua, hajazi fomu, haelezi. Risiti inageuka kuwa lalamiko. Mashine husoma maandishi iliyoyaandika yenyewe, ikianza na zile herufi tatu za tarehe. Mwenye kabambe na mwenye simu janja huifikia njia hii kwa hatua zilezile, kwa sababu wote wawili hupokea ujumbe uleule hata kama mmoja alitumia programu. Mawakala wa Ganze huwaelekeza wateja hivyo kila siku, wakiwa na daftari lao la kunakili misimbo mezani: tarehe, msimbo, kiasi, kitambulisho, sahihi au dole gumba. Katika daftari lile mteja hutia sahihi mstari ukiwa umekwisha kujazwa, akiwa ameoneshwa jina na kiasi, na wakala humngoja hadi amalize kusoma.